Kikombe cha dirishani: uchambuzi wa kisa cha methadoni Dar es Salaam

Kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kuna foleni mbele ya dirisha la kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, pale Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mtu anafika dirishani, anataja namba yake. Nesi anaangalia faili, anaangalia sura, anapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Dawa inanywewa palepale. Kisha maji kidogo juu yake, kisha nesi anasema, "Kaka, hebu ongea." Anataka kusikia sauti. Aliyeficha dawa mdomoni ili akaiuze nje hawezi kuongea vizuri, na kliniki nzima inasimama juu ya uhakika kwamba kilichopimwa ndani kimemezwa ndani.

Mtu ninayemfuata katika uchambuzi huu nimemjenga mwenyewe. Si mgonjwa mmoja wa kweli, na sitampa jina. Nimempa mambo ambayo yeyote anayezijua kliniki hizi ameyaona mara nyingi: mwanamume wa miaka 31, mkazi wa Manzese, aliyeanza unga, yaani heroini, akiwa na miaka 17, aliyeandikishwa Muhimbili mwaka 2013, anayeishi na VVU, aliyepata kifua kikuu, na aliyekamatwa. Nimemchagua yeye kwa sababu mjadala wetu kuhusu dawa za kulevya umezoea kuuliza swali moja tu, kwamba dawa fulani iruhusiwe au ipigwe marufuku. Kisa chake kinalifanya swali hilo lionekane dogo mno.

Maana kilichomo kwenye kile kikombe ni dawa ya kulevya. Methadoni ni afyuni ya maabara. Wakemia wa Ujerumani waliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya imewekwa Jedwali la Kwanza, jedwali ambalo heroini nayo imo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 nayo haimruhusu mtu kutembea nayo mfukoni bila kibali. Hatua kumi ndani ya geti ni mgonjwa anayefuata tiba. Akitoka nje na chupa ya dawa ileile bila kibali, ana kesi.

Alifikaje pale dirishani? Unga ulioingia Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 ulikuwa wa kahawia, wa kuvuta, mara nyingi ukichanganywa na bangi na tumbaku, vijiweni wakiita kokteli. Kuelekea mwaka 2000 na miaka iliyofuata ukaja mweupe. Safari yake ilianzia Afghanistan, ukapakiwa kwenye majahazi katika pwani ya Makran, kusini mwa Iran na Pakistan, ukashushwa katika mwambao wetu, mwingine ukiendelea Ulaya na mwingine ukibaki. Ule mweupe unayeyuka kwenye maji bila shida, na ndiyo maana ukaja na sindano. Kijana aliyekuwa akivuta akagundua kwamba kete ileile, kipakiti kidogo cha unga, akijidunga inamfikisha mbali zaidi. Wengi walihamia sindano hivyo tu, kwa hesabu ya umaskini.

Kuna jambo moja la miaka ile ambalo mtu akishalisikia halimtoki. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam waliripoti desturi iliyokuwa ikiitwa flashblood, waliyoikuta hasa miongoni mwa wanawake. Mmoja akishajidunga alivuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na hela, naye akajidunga damu ile kwa imani kwamba ina unga wa kutosha kumpunguzia arosto. Tukumbuke arosto ni nini: jasho la baridi, kuhara, kutapika, mifupa kuuma kama inavunjwa, usiku usio na usingizi. Aliyetoa damu ile alikuwa akimwonea mwenzake huruma. Na kwa huruma hiyo VVU vilipita moja kwa moja kutoka mshipa hadi mshipa.

Tafiti za miaka hiyo zilikuta takriban watu 4 kati ya 10 wanaojidunga jijini wana VVU, na kwa wanawake hali ilikuwa mbaya zaidi. Nchi nzima kiwango kwa watu wazima kilikuwa kati ya asilimia 5 na 7. Kwa hiyo kliniki ilipofunguliwa Muhimbili Februari 2011, wataalamu wa magonjwa ya akili kama Dk. Jessie Mbwambo wakiwa mbele na fedha za mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI zikiwa nyuma, ilikuwa ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Mauritius, kisiwani, walikuwa wametangulia mwaka 2006. Nairobi ilifuata mwishoni mwa 2014, Zanzibar mwaka 2015 pale Kidongo Chekundu. Jijini zilifuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine, na leo waliopita kwenye madirisha haya wamezidi 10,000.

Sasa dawa yenyewe inafanya nini? Heroini inakaa mwilini saa chache. Teja anaamka na arosto, anatafuta hela, anajidunga, anasinzia, na baada ya saa nne hadi sita anaanza tena kutafuta. Siku yake imegawanywa vipande vitatu au vinne, na kila kipande kina wizi, au kuomba, au kuuza mwili. Methadoni inakalia vipokezi vilevile vya ubongo, lakini inaingia taratibu kwa njia ya tumbo na inakaa siku nzima au zaidi. Kwa dozi sahihi mtu halewi na haumwi. Anapata saa 24 mfululizo ambazo hazina arosto, na wengi wao hawajawahi kuwa na saa kama hizo tangu utotoni. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliliona hilo New York katikati ya miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani likaiingiza methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Lakini ni dawa isiyotaka haraka. Inarundikana mwilini, na huchukua kama siku tano kabla kiwango chake hakijatulia. Daktari akianza juu sana kwa kumhurumia mgonjwa anayetetemeka, mgonjwa anaweza kulala siku ya tatu au ya nne asiamke, hasa akiwa amechanganya na valiamu (vidonge vya kutuliza) za mtaani au pombe. Kwa hiyo huanzia chini, miligramu 30 au pungufu, na kupandishwa kidogo kidogo. Mtu wetu alipandishwa hadi 80 kwa wiki kadhaa. Wiki zile za mwanzo aliendelea kujidunga, na kliniki ilijua. Hii nayo watu wengi hawaielewi, wanaona mgonjwa anaidanganya serikali. Hakuwa akidanganya. Dozi ilikuwa bado haijamfikia.

Takwimu za Muhimbili zenyewe zinasema hivyo. Walipofuatiliwa wagonjwa wa miaka miwili ya mwanzo, zaidi ya 600, waliokuwa kwenye dozi ndogo ndio walioacha tiba kwa wingi kuliko wa dozi kubwa. Aliyewahi kufanyiwa ukatili wa kingono naye alikuwa rahisi zaidi kupotea. Na wanawake, ambao walikuwa wachache sana kwenye foleni, walidumu kuliko wanaume. Hilo la wanawake linanisumbua mpaka leo. Wakifika wanakaa, ila hawafiki. Dirisha la asubuhi linamtaka mtu ambaye usiku alilala, ambaye ana wa kumwachia mtoto, ambaye hamwogopi mwanamume atakayemkuta kwenye foleni. Kliniki haikumkataza mwanamke. Ilijengwa tu kwa ratiba ya mwanamume.

Mama yake mtu wetu alimuuliza swali ambalo familia zote huuliza: "Mwanangu, na hiyo dawa utaiacha lini?" Mtaani wanauliza kwa ukali zaidi, kwamba serikali imemtoa teja wa unga ikamfanya teja wa kikombe. Swali la mama ni la haki na nisingependa lijibiwe kwa dharau. Baadhi yao huacha, kwa kushushwa dozi taratibu kwa miezi mingi. Wengine hawaachi, na kwa wengi wao kuacha mapema kunawarudisha kwenye unga wakati mwili umeshasahau kuuhimili, na huko ndiko vifo vya kuzidisha dozi vinapotokea. Mwenye kisukari hatumuulizi insulini ataiacha lini kwa sauti ile. Ila insulini haimfungi mtu foleni kila asubuhi ya maisha yake, na mama alichokuwa anakiona ni ile foleni: mwanawe hawezi kwenda msiba Tanga akalala, hawezi kuchukua kazi inayoanza saa kumi na mbili alfajiri, hawezi kuhama. Dawa ni bure. Nauli si bure. Kabla ya mabasi ya mwendokasi alipanda daladala mbili. Kuanzia 2016 anapanda basi moja Manzese, anashuka kituo cha Fire na kumalizia kwa miguu. Kwenda na kurudi, siku 365 za mwaka, kwa mtu anayebeba mizigo sokoni kwa ujira wa siku.

Mwaka 2017 kikohozi chake hakikuisha. Kipimo kikaonyesha kifua kikuu, akaanzishiwa dawa za miezi sita, na ndani yake ikiwemo rifampisini. Hapa ningeomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu kosa la kawaida kabisa hutokea hapa.

Rifampisini inaliamsha ini. Ini linaanza kuivunja methadoni kwa kasi kubwa, na kiwango chake kwenye damu kinaweza kushuka kwa theluthi moja, hata zaidi ya nusu. Efavirenzi, dawa ya VVU aliyokuwa akiitumia wakati ule, nayo inafanya vivyo hivyo kwa kiasi chake. Kwa hiyo siku chache baada ya kuanza dawa za kifua kikuu, mtu ambaye alikuwa ametulia miaka minne anaamka usiku wa manane akitoka jasho. Pua zinachuruzika. Tumbo linakata. Anajua ni nini, mwili wake unakikumbuka vizuri. Anafika dirishani na kusema, "Sista, dawa hainishiki."

Nesi au daktari asiyejua anasikia maneno ya kila teja anayetaka kuongezewa. Anamwambia avumilie. Baada ya siku mbili za kuvumilia mtu huyu anafanya moja kati ya mawili: anaacha vidonge vya kifua kikuu, kwa sababu ameshagundua mwenyewe kwamba taabu ilianza navyo, au anarudi kijiweni kununua kete. Njia ya kwanza inazaa kifua kikuu sugu kinachosambaa kwenye chumba anacholala na mama yake. Ya pili inajulikana.

Daktari anayejua anaiona rifampisini kwenye faili na kupandisha methadoni siku hiyohiyo, hatua kwa hatua. Kwa mtu wetu tuseme alifika miligramu 130. Ndiyo faida ya kuweka methadoni, VVU na kifua kikuu chini ya paa moja, faili moja. Na kazi inabaki upande wa pili: rifampisini ikiisha, ini linarudi polepole kwenye mwendo wake wa zamani katika wiki zinazofuata, na zile 130 zinaanza kuwa nyingi mno. Lazima zishushwe. Asiposhushiwa, mtu aliyepona kifua kikuu anaweza kufa kwa dozi ya dirishani, mikononi mwa watu wanaomtakia mema. Tangu 2019, nchi ilipohamia kwenye dolutegraviri kwa VVU, fundo moja limelegea, kwani hiyo haiigusi methadoni. Fundo la rifampisini bado lipo.

Aliyapita hayo salama. Kilichomwangusha ni usiku mmoja mtaani.

Alikaa na wenzake wa zamani maskani, polisi wakaja, wote wakabebwa. Mfukoni hakuwa na kitu. Alikuwa na makovu ya sindano mikononi, ambayo ni ushahidi wa maisha yaliyopita tu. Asubuhi dirisha lilifunguliwa na yeye hakuwepo. Siku ya pili arosto ilianza kumnyemelea, kwa kuchelewa kama ilivyo kawaida ya methadoni, lakini kwa urefu kuliko ile ya heroini. Alimwambia askari wa zamu kwamba yeye ni mgonjwa wa Muhimbili. Kwa masikio ya askari, mtu anayeomba apelekwe akanywe dawa ya kulevya amekiri kosa. Sioni kwamba askari yule alikuwa mkatili. Hakuna aliyemfundisha kwamba kitu hicho kipo, na kwamba nchi yake inakitoa yenyewe.

Aliachiwa siku ya sita bila mashtaka. Jioni hiyo alijidunga kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kwa sababu kliniki ilikuwa imefungwa na mwili haukungoja asubuhi. Aliponea hapo, wapo wasioponea. Asubuhi alirudi dirishani akitegemea dozi yake. Hakuipata, na kliniki ilikuwa sahihi kumnyima. Mtu akikosa methadoni siku tatu, ustahimilivu wa mwili umeshuka na dozi lazima ipunguzwe. Akikosa tano au zaidi, huanzishwa upya kama mgeni. Akarudi 30.

Ukikitazama kisa hiki kwa jicho la sheria peke yake, hakuna aliyekosea. Polisi walikamata mahali panapojulikana kwa unga. Kliniki ilifuata mwongozo. Mgonjwa hakuwa na kete. Hata hivyo taasisi mbili za nchi moja zilifuta kwa siku sita kile ambacho moja yao ilikijenga kwa miaka. Mfano mchungu kuliko huu ulitokea Crimea, rasi ya Ukraine: Urusi, ambayo imepiga marufuku tiba ya methadoni, ilipolichukua eneo hilo mwaka 2014, wagonjwa wapatao 800 walikatiwa dawa ndani ya miezi michache. Kule sheria ilibadilika juu ya vichwa vyao. Huku kwetu haikubadilika, ila haikufika kwenye zamu ya usiku.

Ndiyo maana nasema swali la ruhusa au marufuku ni dogo. Najua mjadala unaovuma sasa ni wa bangi. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu matumizi ya faragha kwa watu wazima Septemba 2018, Uingereza ikawaruhusu madaktari bingwa kuandika dawa zitokanazo na bangi Novemba mwaka huohuo, na Desemba 2020 Umoja wa Mataifa uliiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne, lile kali kuliko yote, kwa kura 27 dhidi ya 25. Wanaotaka ruhusa wanazitaja tarehe hizi kama ushindi, wanaopinga wanaziona kama mporomoko. Mimi nawaomba pande zote mbili wasimame kwanza kwenye ile foleni. Methadoni imeshakuwa halali kwa tiba hapa kwa zaidi ya miaka kumi, na bado uhalali huo ulishindwa kumvusha mtu mmoja siku sita. Ni nani anaishika dawa, kiasi gani, saa ngapi, na nini kinatokea siku mtu asipofika: maisha yake yalining'inia kwenye hayo.

Mambo mawili yangebadilisha kisa hiki, na hakuna hata moja linalohitaji mkataba wa dunia. La kwanza ni kadi ya mgonjwa inayotambuliwa na kila kituo cha polisi, yenye namba ya kliniki inayopokelewa usiku, pamoja na utaratibu wa kumpelekea mahabusu dozi yake kama anavyopelekewa mtu dawa za shinikizo la damu. La pili ni dozi za kupeleka nyumbani kwa aliyetulia muda mrefu, siku mbili, kisha tatu, kisha wiki, kwenye chupa yenye jina lake na kufuli. Hofu ya kuuzwa mtaani ni ya kweli. Mtoto akinywa dozi ya mtu mzima anakufa. Nchi nyingi hutoa dozi hizo kwa masharti, na mgonjwa aliyefika dirishani kila siku kwa miaka minne ameshatoa dhamana kubwa kuliko tunayomdai mtu yeyote kwa kitu chochote. Na lipo la fedha: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila mwenye mgonjwa kwenye foleni kama hizi alitambua jinsi kikombe kilivyosimama juu ya mkoba wa mwingine.

Mtu wetu alipandishwa upya kuanzia 30. Wiki ya kwanza alikuwa akifika mapema kuliko wote, amejikunja kwenye benchi, jaketi limefungwa hadi shingoni katika joto la Dar. Alikunywa, akaongezewa maji, akanywa. "Kaka, hebu ongea," nesi alisema.

"Sista, leo ya ngapi?"

"Thelathini na tano."

Akahesabu nauli iliyobaki mfukoni, akaanza kutembea kuelekea Fire.